Kaburi na Daftari: Jinsi ya Kuorodhesha Makaburi ya Kanisa la Zamani

Anayeingia kwenye makaburi ya misheni ya zamani ya pwani huona kwanza mawe ya wageni. Bagamoyo kuna safu za wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni mwaka 1868. Mbweni, Unguja, amelala Caroline Thackeray, mwalimu aliyefika 1877 na kufariki 1926. Kisiwa cha Chapwani, karibu na Unguja, kina makaburi ya mabaharia wa meli za Kiingereza. Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, kuna kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Ludwig Krapf, la mwaka 1844. Lakini wale waliojaza makanisa hayo, wengi wao watumwa waliokombolewa na watoto wao, mara nyingi wamelala bila jiwe. Kwa hiyo ukinakili mawe peke yake, utakuwa umeandika orodha ya wageni.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watatu hadi watano: ukoo unaotafuta wazee wake, wanakwaya, walimu na wanafunzi, au kamati ya parokia. Makaburi 100 huchukua takriban siku nne za uwanjani. Madaftari huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Ruhusa

Anza kwa mwenye kanisa, si kwa kaburi. Kwa Wakatoliki nenda kwa Baba Paroko, kwa Waanglikana na Walutheri kwa kasisi au mchungaji na wazee wa kanisa. Ukisema "Tumsifu Yesu Kristo" au "Bwana Yesu asifiwe" na kujibiwa, umeshaingia nusu. Kisha eleza kwa ufupi: tunaomba kuandika majina na kupiga picha, hatutajenga wala kuhamisha kitu, na nakala moja itabaki hapa. Omba barua yenye muhuri. Pasipo barua, mtu wa kwanza kukuona umeinama juu ya kaburi na futi mkononi atadhani unatafuta madini ya Mjerumani, na kazi itaishia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Uliza pia kama mahali hapo pamo kwenye orodha ya mambo ya kale. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na mengine hulindwa kwa kutangazwa. Kenya wanaohusika ni Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya 2006. Kuandika na kupiga picha ni jambo moja. Kukarabati ni jambo jingine, nalo lina kibali chake.

Vifaa

Futi ya meta 30 na nyingine ya meta 5. Kamba ya katani na vigingi 20 vya mti. Dira, hata ya kwenye simu. Kioo cha ukutani cha sentimeta 30 kwa 40 au zaidi. Tochi. Chupa ya kupulizia maji. Brashi mbili laini, za nywele au nailoni, zisizo na chuma popote. Ndoo mbili za lita 20 na maji ya mvua au ya bomba. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi ndiyo adui wa jiwe. Daftari gumu na penseli, kwa kuwa wino wa peni huyeyuka kwa jasho na manyunyu. Buti, glavu, na fimbo ya kutikisia majani kabla ya kuingiza mkono: nyoka hupenda nyufa za makaburi, na nyigu hujenga chini ya mikono ya misalaba.

Kufyeka

Kazi hii ifanyike kiangazi, Januari na Februari. Tumia panga au kwanja, na ukifika nusu meta kutoka kaburini, weka panga chini ukate kwa mkono. Mashine ya kamba inachuna plasta ya chokaa kama kisu kwenye muhogo.

Usichome moto. Makaburi mengi ya pwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kila aliyeona tanuri ya chokaa anajua moto hufanya nini kwa matumbawe. Usimwage dawa ya magugu pia. Ardhi inabaki tupu, masika yanachukua udongo, na kingo za kaburi zinaning'inia. Mizizi iliyoingia kwenye ufa usiivute. Ikate usawa wa ardhi uiache ife humo humo, maana mara nyingi ndiyo inayoshikilia vipande visiachane.

Wakati wa kufyeka, mawe madogo yaliyopangwa, vigae, chupa, sahani na ganda la kombe visiondolewe. Ni rahisi kudhani ni takataka, kumbe ni alama ya kaburi la mtu ambaye ndugu zake hawakuwa na fedha ya jiwe.

Namba na ramani

Usiandike namba juu ya kaburi, wala kwa chaki. Panga makaburi kwa safu: A, B, C, ukianzia karibu na kanisa. Kisha toa namba kutoka kushoto kwenda kulia: A1, A2. Kaburi lisilo na jiwe nalo lipate namba yake hapo hapo kwenye safu, sio kwenye orodha ya pembeni.

Ili kuweka kaburi kwenye ramani, chagua alama mbili zisizohama, kwa mfano pembe mbili za ukuta wa kanisa. Pima kutoka kila pembe hadi katikati ya upande wa kichwa. Kaburi A14 linaandikwa hivi: pembe ya kwanza meta 11.40, pembe ya pili meta 7.85. Vipimo viwili vinatosha kulirudisha mahali pake hata jiwe likiibiwa. GPS ya simu ichukue kama nyongeza tu. Inaweza kukosea kwa meta kadhaa, na ndani ya meta tano kuna makaburi matatu.

Mwembe usiutumie kama alama ya kupimia. Hukatwa.

Kusoma jiwe

Hapa ndipo panapohitaji subira, na jua ndilo chombo cha kwanza. Herufi zilizolika husomeka mwanga ukipita ubavuni mwa jiwe, kila mkwaruzo ukatupa kivuli chake. Sisi tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo saa hazifanani na za vitabu vya Ulaya. Bamba lililolala chini lisome saa moja hadi saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Jiwe lililosimama likitazama mashariki, asubuhi jua linalipiga usoni na herufi zinapotea kabisa. Lisubiri hadi saa tano na nusu kuelekea saa sita, jua likiwa karibu na utosi. Mwanga unashuka sambamba na uso wa jiwe, na maneno yaliyokuwa yamekufa yanatokea.

Kama jiwe liko chini ya mti, mwenzako asimame juani na kioo, meta tatu au nne kutoka kwenye jiwe, autupe mwanga kutoka pembeni. Azungushe kioo polepole. Wewe uwe unaandika, kwa maana herufi moja hutokea kwenye pembe hii na nyingine kwenye pembe ile. Usiku, tochi iliyowekwa karibu kugusa ukingo wa jiwe hufanya kazi hiyo hiyo.

Zima taa ya kamera ya simu, kwani huua vivuli vyote. Piga picha tano kwa kila kaburi: kaburi zima likiwa na majirani zake, jiwe zima, maandishi kwa karibu, maandishi yakiwa yamelowa kidogo kwa chupa, na upande wa nyuma. Nyuma ya jiwe husahaulika, na mara nyingine ndipo penye jina la fundi au la aliyelipa.

Nakili mstari kwa mstari kama ulivyo, pamoja na makosa yake. Herufi isiyosomeka iandikie nukta: M.R..MU. Ukiotea, weka oteo lako kwenye safu nyingine. Mtu aliyejaza "MARIAMU" kwa kuhisi amefunga mlango ambao mwenzake angeufungua miaka kumi baadaye kwa kuona kwamba ni MARTAMU, yaani mchongaji alikosea Martha.

Marumaru yaliyoletwa kwa meli huwa na herufi za risasi zilizopigiliwa kwenye vitundu. Risasi ikidondoka, vitundu hubaki. Chora vitundu kama vilivyo kwenye karatasi, kisha linganisha na herufi iliyobaki nzima kwenye jiwe hilo hilo. Kila herufi ina mpangilio wake, na jina zima huweza kurudi kwa njia hii. Herufi za rangi zilizofutika nazo huacha kitu: rangi ilikinga uso wa jiwe, hivyo palipoandikwa pameinuka kidogo kuliko pengine. Mwanga wa ubavu utaonyesha.

Usipake unga, chaki, povu la kunyolea wala majivu ili herufi zionekane. Unga hulisha kuvu na kuita sisimizi. Chaki huingia kwenye vinyweleo vya matumbawe isitoke tena.

Vifupisho vya kawaida: R.I.P. ni Kilatini cha "apumzike kwa amani". C.S.Sp. ni Shirika la Roho Mtakatifu. U.M.C.A. ni misheni ya Waanglikana iliyokuwa Unguja, Magila na Masasi. C.M.S. ni ile ya Rabai na Freretown, karibu na Mombasa. "Hier ruht" ni Kijerumani cha "hapa amelala". "Geb." ni kuzaliwa na "gest." ni kufa, na badala yake huweza kuwekwa nyota na msalaba.

Kusafisha, au kuacha

Kama maandishi yanasomeka, usisafishe. Kama hayasomeki, gonga jiwe kidogo kwa kifundo cha kidole. Likilia tupu kama nazi kavu, ngozi yake imeachana na mwili, na brashi itaidondosha. Liache.

Jiwe gumu losha kwa maji matupu. Lilowe kwanza lote. Anza chini ukipanda juu, ili maji machafu yasitiririke kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Zungusha brashi bila kukandamiza, kisha suuza. Hapana jiki, hapana sabuni ya unga, hapana ndimu, hapana msasa wala brashi ya waya. Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe. Ndimu na siki ni asidi, na marumaru na matumbawe yote mawili huyeyuka kwenye asidi. Kaburi linalotoka jeupe kama jino kwenye picha ya "baada" mara nyingi limepoteza milimita moja ya uso wake, na herufi zake zilikuwa na milimita mbili tu.

Kosa kubwa kuliko yote huja baadaye, kwa nia njema: familia ikichanga fedha na kuzungushia kaburi saruji na vigae. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutafuta njia kupitia jiwe la zamani, chumvi hugandia nyuma ya ngozi yake, na ngozi hubanduka. Ufa uzibwe na fundi anayejua chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa, usio wa baharini, kisha pafunikwe na gunia lenye maji kwa siku kadhaa. Ikiwa msalaba wa jiwe umepasuka kutoka ndani na kuna doa la kutu, kuna nondo au pini ya chuma iliyovimba. Hapo usizibe kitu mpaka chuma kitoke.

Makaburi yasiyo na jiwe

Tembea eneo lote asubuhi jua likiwa chini, ukitafuta miinuko na mabonde ya urefu wa meta moja na nusu hadi mbili. Kaburi la zamani mara nyingi ni bonde, si kilima, kwa sababu udongo uliofukuliwa hushuka. Tazama majani: palipochimbwa majani huweza kuota tofauti. Tazama mawe mawili yanayotazamana, moja kichwani na moja miguuni. Mabonde mafupi chini ya meta moja ni ya watoto, nayo huwa mengi kuliko mtu anavyotarajia.

Kuhusu uelekeo kuna mtego wa pwani. Desturi ya Kikristo ni kumlaza mtu kichwa magharibi na miguu mashariki. Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na kwetu kibla ni kaskazini, kwa hiyo kichwa chake huwa mashariki. Makaburi yote mawili yamenyooka mashariki na magharibi! Aliyezoea mwongozo wa Ulaya atasema kaburi hili "limeelekea Kikristo" na atakuwa amekosea. Angalia jiwe kubwa au maandishi viko upande gani. Pasipo na jiwe, andika uelekeo wake tu, usiandike dini.

Usichimbe, wala usichome ardhi kwa nondo "kuhakikisha".

Kufungua daftari

Sasa ingia sakristia (chumba cha kujiandalia padri) au ofisini. Parokia ya Kikatoliki huwa na madaftari matatu yanayohusika: la ubatizo, la ndoa na la marehemu. Hili la mwisho ndilo lenye watu ambao hawana jiwe. Osha mikono na uikaushe, weka daftari juu ya kitambaa, funua kwa kushika kona ya juu, na piga picha kila ukurasa kwa mpangilio, hata ukurasa mtupu. Anayeruka kurasa tupu atashindwa baadaye kujua kama kuna jani lililochanika.

Madaftari ya zamani ya Kikatoliki ni ya Kilatini, lakini ni Kilatini cha maneno kama ishirini yanayojirudia. Chukua mfano huu wa kubuni: "Die 4 7bris 1889 baptizavi Josephum, filium Pauli et Mariae." Wengi huusoma kama tarehe 4 Julai. Si Julai. 7bris ni Septemba, kwa kuwa "septem" ni saba. Hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba na Xbris ni Desemba. Na majina pia yamegeuzwa miisho: Josephum ni Yosefu aliyebatizwa, Pauli ni "wa Paulo", Mariae ni "wa Maria". Zipo orodha zenye mtu anayeitwa "Petrum Pauli" ambaye hakuwahi kuwepo. Alikuwa Petro, mwana wa Paulo.

Mengine ya kushika: natus au nata ni kuzaliwa, obiit ni alikufa, sepultus ni alizikwa, patrinus na matrina ni wasimamizi. "In periculo mortis" maana yake alibatizwa akiwa mahututi. Ukiyaona maneno hayo, nenda moja kwa moja kwenye daftari la marehemu la siku hiyo na wiki inayofuata. Wasimamizi wa ubatizo usiwaache: kwa mtu aliyekombolewa utumwani, ambaye baba na mama hawakuandikwa, msimamizi ndiye ndugu wa pekee anayeonekana kwenye karatasi. Pembezoni mwa daftari la ubatizo tafuta maandishi madogo ya ndoa. Amri ya Kanisa ya mwaka 1907 iliyoanza kufuatwa 1908 ilitaka ndoa iandikwe kando ya jina la ubatizo, na hiyo itakupeleka parokia mtu alikohamia.

Madaftari ya Waanglikana wa pwani mara nyingi yako kwa Kiingereza. Ya Walutheri wa Kilimanjaro na Usambara enzi ya Mjerumani huwa na mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao e yake hufanana na n, na u huvikwa kijipinde juu ili isidhaniwe n. Mtafute anayeujua kabla ya kunakili.

Tahajia hufuata masikio ya padri. Mfaransa aliandika ou kwa u, kwa hiyo Oukami ni Ukami na Ouzaramo ni Uzaramo. Mjerumani aliandika Moschi na Dschagga. Kabla ya kusema jina halimo, lisome kwa sauti kama Mfaransa, kisha kama Mjerumani.

Umri nao una hesabu yake. Aliyekufa Machi 1931 akiwa na miaka 54 alizaliwa 1876 au 1877, basi andika yote mawili. Jiwe la Kilatini likisema "anno aetatis suae 34", ni mwaka wake wa 34, yaani alikuwa ametimiza 33. Na ukiona umri wa 30, 40, 50 na 60 tupu kwenye ukurasa mzima, ujue padri alikuwa anakadiria kwa macho.

Kama madaftari yamepotea, shajara na barua za misheni huenda zipo mbali: nyaraka za UMCA ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford, za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za Shirika la Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris, za misheni ya Kilutheri ya Leipzig ziko Halle, Ujerumani. Kwa Unguja, anza na Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Kuoanisha

Tengeneza jedwali lenye safu sita: namba ya kaburi, maandishi ya jiwe, ukurasa wa daftari, maneno ya wazee, ulinganifu, mashaka. Ulinganifu uwe na daraja tatu: hakika (jina na tarehe vimekubaliana), yumkini (jina na mwaka), labda (jina tu). Yosefu na Maria ni wengi mno, kwa hiyo jina la ubatizo peke yake haliwezi kupita "labda".

Wazee wahojiwe makaburini wakiwa wamesimama, sio sebuleni. Miguu hukumbuka kuliko mdomo: bibi aliyesema nyumbani kwamba hajui atatembea hadi mahali na kusema, "Hapa ndipo tulipokuwa tukimletea maua Somo yake mama." Andika neno hilo hilo "somo", usilibadili kuwa "ndugu". Siku nzuri kuliko zote ni tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, familia zinapokuja zenyewe. Kaa karibu na lango, salimia, uliza baada ya sala, si kabla.

Kuweka kumbukumbu

Majina ya waliokufa karibuni yasiwekwe mtandaoni bila idhini ya familia. Ya zamani yanaweza kutoka, ila sababu za kifo na maneno kama "mtoto wa nje" yaliyomo kwenye daftari yabaki ofisini.

Chapisha nakala tatu kwenye karatasi: ya kanisa, ya nyaraka za jimbo au dayosisi, ya kikundi. Picha ziwe na majina yanayoanza na namba ya kaburi, A14-1, A14-2, na zihifadhiwe sehemu mbili tofauti. Baada ya mwezi mmoja rudi na orodha, chagua kila kaburi la kumi, na mtu mwingine alisome upya bila kuona ulichoandika. Kwenye makaburi kumi ya majaribio, mkitofautiana kwa zaidi ya moja, safu nzima isomwe tena. Ramani ya ukutani ibandikwe sakristia, juu ya kimo cha mchwa, na mbali na ukuta unaolowa masika.